TAHADHARI: Ukiambiwa ulete kadi yako ya picha (GPU) RTX 3060 yenye memori ya GB 12 upewe 4060 "mpya" na uongeze hela juu, kataa

Wakuu salama. Naomba hii isomwe na kila mwenye mashine ya gemu au ya kazi za video na 3D, hasa vijana mnaoanza kazi. Kuna muuzaji wa vifaa vya kompyuta hapa Dar, jina silitaji, nataka muujue mchezo wenyewe kwa sababu akiacha yeye ataufanya mwingine. Anatafuta watu wenye RTX 3060 ya GB 12, anawaambia kadi yenu imepitwa na wakati, leta hapa nikupe 4060 mpya ya boksi wewe niongezee laki tatu tu. Mdogo wangu anafanya kazi za 3D kwenye programu ya Blender na kuhariri video za harusi, kaingia mzima mzima. Kafika nyumbani kafungua kazi yake ile ile aliyokuwa anairenda bila shida, inagoma, memori ya kadi imejaa. Kadi mpya ina GB 8, ile aliyoitoa ilikuwa na 12.

Karudi dukani kaambiwa "dogo umepewa kizazi kipya unalalamika nini". Na ubaya ni kwamba kadi ni orijino kabisa, boksi lilikuwa na sili, risiti ipo, kwa hiyo hata ukienda kushtaki huna pa kumshikia. Ila yeye anajua vizuri anachofanya, maana hizo 3060 za GB 12 zinatafutwa mno na watu wanaoendesha modeli za AI kwenye mashine zao na watu wa 3D, wanataka memori kubwa kwa bei nafuu, akiipata kwako haikai dukani.

Anachotegemea ni sisi kuamini kwamba namba ikipanda na nguvu imepanda. Kwenye kadi za daraja la kati haiko hivyo na sio siri. Angalia 3060 Ti ya Nvidia, kaka yake 3060, ilitoka Desemba 2020 kwa dola 399, Mei 2023 ikaja 4060 Ti kwa dola 399 zile zile, watu wakaipima wakakuta kwa wastani imezidi asilimia kama 10 hivi, na kuna gemu ukipandisha picha ya skrini mpaka 4K ile ya zamani inalingana nayo au inaipita. Inaipita kwa sababu njia ya memori ilikatwa nusu, kutoka biti 256 mpaka 128, kasi ya memori ikashuka kutoka GB 448 kwa sekunde mpaka 288, halafu wakajaribu kuziba pengo kwa kuweka kashe (memori ndogo ya haraka) kubwa ya MB 32 ndani ya chipu. Kashe inasaidia kwenye 1080p, ukipandisha skrini inazidiwa.

Sasa kwa nini mtengenezaji atoe kitu kipya kinachofanana na cha zamani? Hesabu ipo kwenye ukubwa wa chipu. Ya 3060 Ti ilikuwa na milimita za mraba 392, imetengenezwa Samsung. Ya 4060 Ti ina 188 hivi, chini ya nusu, imetengenezwa TSMC kwa teknolojia mpya ambayo sahani moja ya silikoni ni ghali zaidi. Ukiwa unalipia sahani ghali dawa ni kukata chipu ndogo ndogo zitoke nyingi, na sehemu ya chipu inayoongea na memori haisinyai vizuri teknolojia ikibadilika, kwa hiyo hiyo ndo ya kwanza kupunguzwa. Ukipunguza njia za memori bodi nayo inakuwa rahisi kutengeneza, umeme unashuka, feni na hitsinki zinakuwa ndogo. Mtengenezaji anabaki na bei ile ile dukani na gharama nyingine kabisa kiwandani. Ongeza na mzigo wa zamani: mwaka 2022 soko la kuchimba sarafu za kidijitali, lililokuwa linakula kadi nyingi, lilianguka, Septemba sarafu ya Ethereum ikaacha kabisa kutumia kadi, na Nvidia mwaka huo walitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa mzigo na oda zilizowazidi. Stoo zimejaa 3060 halafu utoe 4060 iliyoipita mara mbili kwa bei ile ile, nani atanunua iliyopo? Na wanaouza kompyuta zilizounganishwa tayari wao wanataka tu namba mpya ya kubandika kwenye boksi kila mwaka.

AMD, washindani wa Nvidia, nao ni wale wale. RX 580 ya 2017 ilikuwa RX 480 ya 2016 iliyosukumwa spidi kidogo. RX 7800 XT ya 2023 kwa nguvu inakaribiana sana na RX 6800 XT ya 2020, ila hapo angalau bei ya kutokea ilishuka kutoka dola 649 mpaka 499, na mimi naona hiyo ni haki, sema jina lilidanganya watu.

Niseme ukweli pia, 4060 sio kadi mbaya. Inakula wati 115, 3060 inakula 170, kwenye gemu za 1080p inaipita 3060 kwa asilimia 15 mpaka 20 hivi. Kama huna kadi kabisa au pawa saplai yako ni ndogo, nunua kwa amani. Ila kama ubao wako ni wa zamani wa PCIe 3.0 (PCIe ndo sehemu kadi inapochomekwa) jua kwamba inatumia njia 8 tu badala ya 16, kwa hiyo memori ikijaa utaisikia zaidi. Kuitoa 3060 ya GB 12 na laki tatu juu ili uende kwenye GB 8, hapana, huo ni wizi wa mchana hata kama una risiti.

Dukani ana onyesho lake pia. Anawasha gemu moja kwenye mashine mbili, ya 3060 inaonyesha fremu 50, ya 4060 inaonyesha karibia 100, unachanganyikiwa. Kumbe kwenye 4060 kawasha ile ya DLSS 3 inayobuni fremu katikati ya fremu halisi, na kwenye kadi za mfululizo wa 30 kama 3060 haipo. Picha inakuwa laini kweli ila mkono wako haupati wepesi huo, na Blender haipati chochote hapo. Nvidia wenyewe wanatumia hesabu hizi, Januari 2025 bosi wao Jensen Huang alisimama jukwaani akasema 5070 ya dola 549 ina nguvu ya 4090, kadi kubwa kabisa ya kizazi kilichopita, na ilikuwa kwa kubuni fremu hizo hizo. Mwambie muuzaji azime yote ndo mpime.

Halafu muwe makini na majina yaliyofanana. Kuna 3060 ya GB 8 yenye biti 128, inaandikwa RTX 3060 vile vile na ni dhaifu kuliko ya GB 12. GTX 1060 ya GB 3 imepungua memori na kori (vichakataji vidogo vya ndani ya chipu) pia. RX 580 ukiona imeandikwa 2048SP hiyo ni nguvu ya 570. Nenda na flashi yenye GPU-Z, ni programu ya bure, ichomeke kabla ya kulipa usome memori, upana wa biti na idadi ya kori. Zile GTX 1050 Ti feki ambazo ndani ni GTS 450 ya zamani iliyobadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi), GPU-Z inaziandikia FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikukatalia kuichomeka, toka.

Mdogo wangu kadi yake haikurudi, alipoifuata aliambiwa imeshauzwa. Na jamaa hajaacha, sasa hivi anawaita wenye 4060 waje kuchukua 5060. Hiyo ina memori ya GDDR7 yenye kasi zaidi, GB 448 kwa sekunde dhidi ya 272, nguvu imeongezeka kweli, ila GB ni 8 zile zile na biti 128 zile zile. Kama tatizo lako lilikuwa memori kujaa, utalipa tena na utabaki nalo.