Nilidhani tumepigwa: usiku wetu kwenye izakaya ya viti vinane

Nyota nne kati ya tano kwa izakaya, yaani baa ya Kijapani ya kunywa na kula. Ile ya tano imekwenda na moshi. Japani ilibana uvutaji sigara ndani ya migahawa Aprili 2020, lakini baa ndogo za zamani ziliachiwa mwanya, na jamaa aliyekaa kushoto kwangu aliutumia vizuri sana. Mlangoni huwa kuna kibandiko kinachosema kama sigara inaruhusiwa. Kitazame kabla hujavua koti.

Tulikuwa Tokyo, pande za Ueno, mimi na mwenzangu wa Unguja ambaye pombe hagusi. Izakaya utaijua kwa taa nyekundu ya karatasi na pazia fupi la mlangoni, noren. Likiwa limetundikwa nje, wamefungua. Mlango wa kwanza, mama wa kaunta alitukatia mikono kifuani kama msalaba. Nikavimba, nikajua ni rangi yetu hiyo. Halafu nikachungulia vizuri: hapakuwa na hata stuli moja tupu. Ile alama ni "hakuna nafasi", basi. Mlango wa pili nikanyoosha vidole viwili, tukaonyeshwa pa kukaa. Mkiwa sita msijisumbue na vibaa hivi.

Tulipewa vitaulo vya moto. Ni vya mikono. Mwenzangu alishafika shingoni nilipomkanyaga mguu. Kisha, kabla hatujasema neno, vikaja vibakuli viwili vya mchicha wao uliochemshwa, juu umenyunyizwa ufuta.

"Bwana wee, hii nani kaagiza?"

Hakuna aliyeagiza. Inaitwa otoshi, Osaka wanaiita tsukidashi, na ndiyo kodi ya kiti chako: yen 400 kila mtu. Mimi nilishaanza kupandisha sauti, nikidhani tumeingizwa mjini. Mzee wa kulia kwangu, kwa Kiingereza cha kuokoteza, akanieleza kwamba kila mtu pale amelipa, na yeye pia. Niliona aibu. Ule mchicha lakini, ningeulipia hata mara mbili.

Wanataka uagize kinywaji kwanza, chakula baadaye. Si lazima kiwe pombe: mwenzangu alikunywa chai baridi ya oolong mwanzo mwisho na hakuna aliyemshangaa. Kwa asiyekula nguruwe, hapo ndipo pa kuwa makini. Mishikaki ya kuku ukiagiza, utaulizwa shio au tare, yaani chumvi au sosi. Chukua chumvi, maana sosi mara nyingi hupikwa na sake au mirin, vyote pombe. Na uliza kama nguruwe anachomwa kwenye jiko hilohilo. Tulipokuwa hakuchomwa.

Bia ya chupa hujimiminii. Mzee alinijazia, nikamjazia, na kila nilipomaliza akanijazia tena, mpaka nilipogundua kwamba ukichoka unaiacha glasi imejaa. Kumwita mhudumu unapaza sauti, "Sumimasen!", yaani samahani. Mimi nilikuwa nainua kidole kimyakimya kama mwanafunzi, nikasahauliwa robo saa nzima.

Kosa letu kubwa lilikuwa la vijiti. Nilimpa mwenzangu kipande cha kuku, naye akakipokea kwa vijiti vyake, kijiti kwa kijiti. Kaunta nzima ikanyamaza. Mzee akasukuma kisahani katikati yetu, taratibu, kama anayemfundisha mjukuu. Baadaye akatuambia: baada ya maiti kuchomwa, ndugu huokota mifupa na kupokezana hivyohivyo, kwa vijiti. Kusimamisha vijiti katikati ya wali nako ni mambo ya msibani. Sikuwa na la kusema zaidi ya sumimasen.

Watu walikuwa wanasubiri nje, kwa hiyo sahani zilipokwisha tuliomba bili. Kukalia glasi tupu kwenye viti vinane ni kumnyima mtu riziki. Bia tatu, chai mbili, mishikaki kumi, sahani ya kuku wa kukaanga na zile otoshi: yen 5,800. Nenda na pesa taslimu. Niliweka noti za 6,000 kwenye kisinia, nikasema "gochisosama", asante kwa chakula, nikaacha chenji kama bakshishi.

Tulikuwa tumeshapita maduka matatu niliposikia kandambili zinakimbia nyuma yetu. Ni yule kijana wa jikoni, aproni kiunoni, anahema, kanishikia sarafu mbili za yen 100 kwa mikono yote miwili.