Wakili wa Uhamiaji Aliyetuzuia Kukata Tiketi: Tathmini ya Huduma Tuliyopata Houston

Mimi ni raia wa Marekani. Mume wangu, mzaliwa wa Tanga, aliingia nchini mwaka 2017 kwa viza ya matembezi, akabaki baada ya muda wake kwisha. Tulipofunga ndoa, ndugu walimshauri arudi Dar es Salaam akaombe viza ya ndoa ubalozini, nasi tulikuwa tumeshaanza kuulizia tiketi kabla ya kufika kwa wakili ninayemwandikia tathmini hii, ambaye sitamtaja jina.

Kikao cha kwanza peke yake kilistahili ada yote tuliyolipa. Wakili aliomba pasipoti ya mume wangu, akaifungua kwenye muhuri wa uwanja wa ndege, akauwekea kidole, akasema huo ndio utakaotuokoa. Alitueleza kwamba, kwa sheria ya mwaka 1996, mtu aliyekaa bila kibali mwaka mmoja au zaidi, akitoka nchini, huzuiwa kurudi kwa miaka 10, hata kama mwenzi wake ni raia. Ila aliyeingia kwa kukaguliwa, kama muhuri ule ulivyothibitisha, akafunga ndoa na raia, kwa kawaida huweza kuomba ukaazi wa kudumu akiwa humu humu, ijapokuwa muda wake umekwisha. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa, mara nyingi hulazimika kutoka, ila kabla ya kutoka huomba kwanza msamaha wa zuio hilo kwa fomu I-601A. Ndugu zetu walishauri kwa mapenzi, lakini tiketi ile ingetutenganisha.

Kasoro kubwa ya ofisi yake ni mawasiliano. Mama mkwe alituandikia barua ya kurasa mbili kwa mkono, akiniita mkamwana wake, ili iwe miongoni mwa ushahidi wa ndoa. Barua hiyo ilikaa kwenye jalada miezi kadhaa, kisha siku mbili kabla ya mahojiano tukaambiwa kwamba haitapokelewa bila tafsiri kamili ya Kiingereza yenye tamko lililotiwa saini na mfasiri. Rafiki yetu alikesha akiifasiri. Nilitegemea ofisi inayohudumia Waswahili wengi ituambie hilo siku ile ile tulipoikabidhi.

Mahojiano yalikwenda vizuri. Kadi ya ukaazi aliyopewa ni ya masharti, ya miaka 2, kwa kuwa ndoa yetu ilikuwa haijatimiza muda huo, na ombi la kuondoa sharti hupelekwa ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Kazi hiyo tutawapa wao tena, ila orodha ya nyaraka na tafsiri tutaidai kwa maandishi tangu siku ya kwanza.