Sanamu ya Askari, Dar es Salaam: shaba safi, majina hamna

Ukitoka Posta Mpya na kuufuata Mtaa wa Azikiwe kuelekea baharini, utaikuta kwenye mzunguko wa Samora. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokufa wakilitumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake palisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa 1916. Ndiyo maana wazee wa mji huiita hii Bismini.

Ufundi wake ni wa hali ya juu. James Alexander Stevenson alimuumba askari akiwa mbioni kushambulia, singe ikielekea bandarini.

Nenda Jumapili asubuhi: magari ni machache na jua linampiga usoni. Alasiri uso unaingia kivulini, picha inatoka nyeusi. Usimtazame kutoka ng'ambo ya barabara, maana maandishi hayasomeki kutoka huko. Vuka, uzunguke msingi wote: kuna Kiingereza, na Kiswahili kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Wapagazi, waliolibebea jeshi mizigo, wamo kwenye mabamba ya pembeni. Wengi humpiga picha askari wakaondoka bila kuwaona.

Kasoro kubwa iko hapohapo kwenye maandishi. Maneno ya Kiingereza, aliyoyatunga mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Utazunguka mara tatu usione jina hata moja. Fundi hakusahau. Tume ya makaburi ya vita ya dola ya Uingereza ilionelea kwamba ukumbusho wa jumla unawatosha Waafrika. Mwaka 2021 taasisi hiyo ilikiri na kuomba radhi. Sanamu za Nairobi na Mombasa, kazi ya Stevenson pia, hazina majina vilevile, ingawa Nairobi angalau mpagazi amesimama bega kwa bega na askari.

Linganisha na ukumbusho wa vibarua wa jeshi wa vita hivyohivyo uliofunguliwa Januari 2025 katika Company's Garden, Cape Town. Ni nguzo za mvule, kila moja na jina la mtu mmoja na tarehe aliyofariki, zaidi ya majina 1,700. Mjukuu anaitafuta nguzo ya babu yake, anaishika.