Kiungio cha tangi cha inchi moja kwenye tangi la samaki: kizuri, lakini washa zake zibadilishwe

Kwa miezi saba sasa ninatumia, kwenye tangi la samaki la lita 300 lililopo sebuleni kwangu, kiungio cha plastiki cha inchi moja cha aina ile ile inayofungwa kwenye matangi ya maji ya kuhifadhia majumbani, ambacho mafundi bomba wa Dar es Salaam hukiita tenki koneta. Nilikinunua mtaa wa Gerezani, jijini humo, kwa bei isiyofika shilingi elfu kumi, baada ya kuona kwamba viungio vilivyotengenezwa mahsusi kwa matangi ya samaki vingenilazimu kuagiza nje na kusubiri wiki kadhaa. Kilivuja tangu siku ya kwanza, kikavuja tena baada ya kupakwa silikoni, kisha kikaacha kabisa, na hadi leo hakijatoa hata tone moja.

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, na kioo chake ni cha milimita 10. Ndani yake ninafuga sikilidi, jamii ya samaki, wa Ziwa Tanganyika. Tundu limetobolewa kwenye kioo cha nyuma, sentimita 10 kutoka chini, ili maji yateremke hadi kwenye tangi dogo la kuchujia lililo ndani ya kabati, kisha pampu iyarudishe juu.

Mwili wa kiungio hiki ni wa kuridhisha sana. Hesi, yaani mikato ya mzunguko ambayo nati hujifunga juu yake, imekatwa safi, nati inaingia kwa vidole bila kukwama, na kichwa chake ni kipana na bapa, hivyo kinakaa sawasawa kwenye kioo. Kasoro ipo kwenye washa mbili, yaani pete bapa za kuzuia maji, zinazouzwa pamoja nacho: ni nyembamba, ni ngumu karibu kama plastiki, na mojawapo ilikuwa na mshono wa kalibu ulioinuka kuzunguka uso wake wote. Kwenye tangi la plastiki, ambalo ukuta wake hubonyea kidogo nati inapokazwa, washa ya namna hiyo huenda ikafaa. Kioo hakibonyei hata kidogo, kwa hiyo ni lazima washa ndiyo ibonyee, na hii haikuweza.

Uvujaji wa kwanza ulikuwa tone moja kila baada ya sekunde nne, kiasi ambacho mtu anaweza kukidharau. Hesabu yake haidharauliki: ni matone 21,600 kwa siku, na kwa kuwa takriban matone 20 hujaza mililita moja, hiyo ni zaidi ya lita moja kila siku inayoingia kwenye kabati la mbao za kubandikwa, ambazo zikishalowa huvimba na hazirudi tena katika hali yake. Fundi niliyemwita alichukua spana akaikaza nati. Maji yakaongezeka. Akaikaza tena, na nilipotazama ndani ya tangi niliona washa imejikunja na ukingo wake umechomoza nje ya kichwa cha kiungio.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa kila anayefuga samaki alijue kabla hajashika spana. Kina cha mita 10 za maji ndicho kinacholeta mgandamizo wa baa moja (baa ni kipimo cha mgandamizo), na juu ya tundu langu kuna maji ya sentimita 38 tu, yaani chini ya baa 0.04. Viungio vingi vya mabomba ya PVC hutengenezwa kwa ajili ya kustahimili baa 10 au zaidi. Kwenye tangi la samaki, si nguvu ya maji inayofanya kiungio kivuje. Kinavuja kwa sababu nyuso mbili hazijagusana sawasawa, na nguvu ya spana huzidi kuzitenganisha, mbali na hatari ya kupasua kioo.

Silikoni nayo sikuiona kuwa suluhisho. Fundi alipaka ya kutosha kuzunguka kiungio chote, tukasubiri siku mbili, na siku ya tisa tone likarudi. Silikoni hushika kioo vizuri sana, lakini haishiki PVC kwa uimara, na ikiwekwa chini ya washa ikiwa bado mbichi huifanya iteleze nati inapozungushwa. Kuiondoa baadaye kulinigharimu jioni nzima na wembe mwingi, kwa sababu silikoni mpya haishikamani na ya zamani, kwa hiyo kila utando ulilazimika kukwanguliwa. Anayelazimika kuitumia kwingineko kwenye tangi aepuke kabisa ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo ni sumu kwa samaki.

Kilichofanikiwa ni kipande cha mpira laini wa milimita 3, kilichokatwa na fundi wa gasketi hapo hapo Gerezani kwa kufuata kipimo cha kichwa cha kiungio. Niliteremsha maji, nikafuta kioo pande zote mbili kwa siki kwa sababu maji magumu wanayoyahitaji sikilidi hawa huacha ukoko wa chokaa usioonekana kwa urahisi, nikasuuza, kisha nikaweka mpira huo upande wa ndani, kati ya kichwa na kioo. Kwa nje, chini ya nati, niliweka washa ile ngumu ya awali, ambayo hapo ina faida: nati huteleza juu yake bila kuukunja mpira. Nilishika kichwa kwa mkono mmoja ndani ya tangi ili kisizunguke, nikakaza nati kwa mkono mwingine hadi ikafika mwisho, kisha nikaongeza robo ya mzunguko, basi. Nilijaza maji hadi juu kidogo ya tundu na kuzungushia kiungio karatasi ya chooni, ambayo huonyesha unyevu mapema kuliko kidole. Ilikuwa kavu asubuhi yake, nikajaza tangi lote.

Tepu nyeupe ya mabomba, ambayo wengi huizungushia kila mahali, haina kazi kwenye hesi ya nati hii, kwa sababu maji yakishafika kwenye hesi hiyo tayari yameshapita washa. Mahali pake ni pale hesi ya nje inapoingia ndani ya hesi nyingine, kama kwenye mdomo wa pampu, na hapo mizunguko mitatu au minne inatosha, ikizungushwa kufuata mwendo wa saa unapotazama ncha ya hesi. Ikizidi, kiungio cha plastiki chenye hesi ya ndani hupasuka, wakati mwingine siku kadhaa baadaye.

Jambo moja kwa wauzaji, nao walizingatie: bomba la inchi moja na bomba la milimita 32 si kitu kimoja, ingawa dukani mara nyingi huchukuliwa kuwa vinabadilishana. La inchi lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 33.5. Nilipewa bomba la 32 pamoja na elbo (kiungio cha kona) ya inchi, na nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa mno kwa gundi ya PVC, kwa kuwa gundi hiyo huunganisha kwa kuyeyusha nyuso zinazobanana, wala haikusudiwi kujaza pengo. Ujaribu kila kiungo kikiwa kikavu kabla hujafungua kopo la gundi. Bomba likiingia na kutoka bila kubana, lirudishe.

Niliongeza pia yunioni ya plastiki, yaani kiungio cha bomba kinachofunguka, chini ya kiungio, na ninaipendekeza kwa moyo wote, kwani siku mpira ukichoka nitafungua bomba bila kukata chochote. Koki iwe ya plastiki pia. Ile ya shaba ni imara zaidi kwa mkono, lakini madini ya shaba yanayoyeyuka majini hudhuru samaki, na konokono na kamba huathirika zaidi.

Kwa ujumla ninakipa kiungio hiki alama nne kati ya tano, na ile moja imepotea kwa sababu ya washa. Sikipendekezi kwa mtu ambaye tangi lake lina kioo kilichoimarishwa kwa joto, maana kioo hicho husambaratika chote kinapotobolewa. Matangi mengi ya kununuliwa yakiwa tayari hutumia kioo hicho kwenye sakafu yake, hata kama kuta ni za kawaida, hivyo muulize muuzaji kabla ya kumwita mwenye keekee.