Core i7-13700K ya mkono wa pili: nimeinunua, ila kwa masharti

Bei ilikuwa ya chini mno, na sababu niliijua. Ndani ya kompyuta ya mezani niliyotaka kununua kulikuwa na prosesa ya Intel, Core i7-13700K, na anayefuatilia habari za kompyuta hajasahau sakata la prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14. Zilikuwa zikiomba volti kubwa kuliko zinavyohitaji, na taratibu volti hiyo ikachakaza saketi inayosambaza mapigo ya saa ndani ya kori, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu. Ikishachakaa, prosesa hutaka volti zaidi ili ifanye kazi ileile. Gemu zinajifunga, skrini ya bluu inatokea, kompyuta inaganda. Intel walieleza chanzo Julai 2024. Agosti wakatoa maikrokodi 0x129 (msimbo wa ndani wa prosesa, unaofika kwa kusasisha BIOS, programu ya ubao inayoiwasha kompyuta), inayozuia prosesa kuomba zaidi ya volti 1.55, na Septemba ikafuata 0x12B.

Lakini maikrokodi ni kama chanjo: inamkinga mzima, haimtibu aliyekwishaugua. Ndiyo maana sikuuliza kwanza habari za RAM wala kadi ya picha. Niliuliza BIOS ilisasishwa lini, na prosesa ilifanya kazi muda gani kabla ya hapo. Muuzaji alikuwa ameiunganisha mwenyewe miezi michache tu kabla ya 0x129 kutoka, akaisasisha mara ilipopatikana, na risiti ya prosesa anayo. Angeniambia "sijui, mimi niliikuta hivyohivyo", ningemuaga.

Kisha nikaomba kukaa na mashine, na kwa kweli alinivumilia sana. HWiNFO, programu ya kukagua vifaa vya kompyuta, ilinionyesha toleo la maikrokodi, likawa sawa na alivyosema. Nikabana folda kubwa kwa 7-Zip, programu ya kubana mafaili, na kuifungua tena na tena, maana prosesa iliyodhoofika mara nyingi hujifichua hapo: faili linatoka limeharibika ingawa diski ni nzima. Nikasakinisha upya draiva ya kadi ya picha, kazi nyingine inayozishinda prosesa zilizochakaa. Halafu nikafungua gemu lililojengwa kwa Unreal Engine likaandaa sheda zake (programu ndogo za kuchora picha) tangu mwanzo. Prosesa mbovu hapo hukuletea ujumbe kwamba kumbukumbu ya video imekwisha, nawe unaanza kuilaumu kadi isiyo na kosa. Yote yalipita. Mwisho nikapekua rekodi za matukio za Windows nikitafuta makosa ya WHEA, yaani hitilafu za vifaa. Hapakuwa na kitu.

Risiti niliing'ang'ania kwa sababu ya waranti. Intel waliongeza miaka 2 kwa prosesa zilizoathirika, kwa hiyo zile zilizouzwa kwenye boksi zina miaka 5 tangu siku ya kununuliwa. Iliyokuja ndani ya kompyuta iliyounganishwa kiwandani ni habari nyingine: unarudi kwa mtengenezaji wa kompyuta hiyo, na hapo utategemea utaratibu wake.

Tangu niichukue nahariri video na kucheza gemu bila shida. Kwenye BIOS nimeiacha kwenye mipangilio ya kawaida ya Intel. Sitaki kuipandisha kasi kwa sifa tu. Joto ndilo linaloniudhi. Ikibanwa na kazi inaweza kula hadi wati 253, na feni iliyokuja na kompyuta inapiga kelele, kwa hiyo kipoza kikubwa kiko kwenye hesabu zangu.

Kwa anayeniuliza kama anunue: bila historia ya BIOS wala risiti, achana nayo hata bei ishuke vipi, hasa ikiwa ni i9, daraja la juu ya i7. Ukiwa navyo, dau lako si kubwa. Hata ikifa, soketi yake (tundu la prosesa kwenye ubao) ni LGA 1700, na Core i7-12700K ya kizazi cha 12, ambacho hakimo kwenye tatizo hili, inakaa humohumo. Prosesa za Core Ultra 200S zilizotoka baadaye haziingii, zinataka ubao mwingine.