Holda za simu kwenye gari: ipi inakuepusha na faini?

Sheria nyingi za barabarani hazikatazi simu ndani ya gari, zinakataza simu mkononi. Kwa hiyo holda tunaipima kwa swali moja: je, dereva atamaliza safari bila kuichomoa simu? Uingereza, anayekamatwa ameshika simu hupigwa faini ya pauni 200 na alama 6 za adhabu kwenye leseni, na aliyefaulu mtihani chini ya miaka 2 iliyopita hufutiwa leseni kwa alama hizo hizo 6. Tangu Machi 2022, hata kupiga picha au kubadilisha wimbo kwa simu iliyo mkononi ni kosa huko, na kusimama kwenye mataa si kinga. Holda inayoangusha simu, basi, ni mbovu kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu dereva huinama kuiokota gari likiwa linakwenda.

Kwa magari mengi, ya kubana kwenye tundu la kiyoyozi ndiyo bora, mradi iwe na ndoano inayoingia nyuma ya ubapa wa tundu na skrubu ya kukazia. Zile za klipu ya springi pekee ziache: simu kubwa huziinamisha, barabara mbovu huzichomoa, na mara nyingine hutoka na ubapa uliovunjika. Faida kubwa ya holda ya tundu ni kuikinga simu na joto. Simu inayoonyesha ramani huku ikichajiwa juani huchemka, ikapunguza mwanga wa skrini au ikasimamisha chaji. Hewa baridi ya tundu huizuia isifike huko. Ukiwasha hita, funga tundu hilo. Matundu ya duara hayaifai kabisa.

Ya mpira wa kunyonya hushika vizuri kwenye kioo, vibaya kwenye dashibodi yenye vipele, maana hewa hupenya chini ya mpira. Futa kioo kwa spiriti, kiache kikauke, kandamiza mpira kwanza ndipo ufunge klipu yake. Ukianza kuachia, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uache ukauke wenyewe. Vumbi ndilo linaloua mnato wake. Angalia pia sheria ya mahali unapoendesha. California, kwa mfano, kwenye kioo cha mbele huruhusu pembe ya chini tu: mraba wa inchi 7 upande wa abiria, au wa inchi 5 upande wa dereva.

Ya sumaku ni nyepesi kutumia, unaiweka simu na inashika. Lakini kava nene huidhoofisha, na kibati kinachobandikwa mgongoni mwa simu huzuia chaji isiyo na waya. Sumaku yenye nguvu pia huweza kuichanganya dira ya simu, na mshale wa ramani ukaelekea kusiko. Kwa mizunguko ya mjini inatosha. Kwa barabara ya makorongo hatuipendekezi. Holda ya kubandikwa kwa gundi isubiri saa 24 kabla ya kubebeshwa simu.

Yoyote utakayochukua, usiifunge juu ya maandishi SRS au AIRBAG, yanayoonyesha palipo na mfuko wa hewa. Mfuko wa hewa ukilipuka utaitupa holda usoni mwa mtu. Iweke chini ya mstari wa macho, mahali mkono unapofika bila mgongo kuacha kiti.

Ramani ipangwe na sauti iwashwe kabla gari halijaondoka. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hupita mita 28 hivi kila sekunde unayoitazama simu. Anwani ya kuandika inataka gari liwe limeegeshwa, hata kama simu imefungwa imara. Uingereza, simu iliyo kwenye holda bado yaweza kukuletea shtaka la kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo.

Mwisho, kebo ya chaji: chukua yenye kichwa cha pembe na uipitishe kando ya dashibodi. Inayoning'inia hunaswa na mkono unapobadilisha gia, ikaivuta simu chini pamoja na holda yake.