KoboCollect kwenye mafaili ya leba: nyota nne kati ya tano

"Sista, umekuja kusoma mafaili au kuchati?"

Mzee wa masijala aliniuliza hivyo siku ya pili, baada ya kuniona saa mbili nzima nimeinamia simu huku faili liko wazi mbele yangu. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nikimkuta mwanafunzi leba ana simu mkononi, namtoa nje. Ilibidi nimgeuzie kioo nimwonyeshe: swali la 14, mapigo ya moyo wa mtoto yameandikwa kila nusu saa? Ndiyo, hapana, baadhi. Akavaa miwani, akasoma, akasema, "Haya. Mimi nilidhani ni wale wa WhatsApp."

Nianzie hapo kwa sababu ndiyo kasoro ya kwanza ya kukusanya data kwa simu, na programu yenyewe, KoboCollect, haina kosa. Mtu mwenye karatasi na kalamu anaonekana anafanya kazi. Mwenye simu anaonekana anapoteza muda, hasa mbele ya ndugu wa mgonjwa. Vaeni kitambulisho, na mjieleze mapema kwa muuguzi msimamizi wa zamu.

Mimi ni mkunga, miaka 11 leba. Tasnifu yangu ya uzamili ya ukunga ilihusu ujazaji wa patografu, ile karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, katika hospitali tatu, mojawapo ninapofanyia kazi. Mafaili 384. Wanaoijua kanuni ya Kish na Leslie ya kukokotoa sampuli wameshatabasamu: ukichukua asilimia 50 kwa kuwa hujui hali ikoje, na kosa la asilimia 5, jibu ni lile lile, 384, ndiyo maana nusu ya darasa letu tulikuwa na sampuli moja kama tumeshona sare. Dodoso langu lilikuwa na kurasa nne. Zidisha: kurasa 1,536. Steshenari ya karibu na chuo ilitaka shilingi 100 kwa ukurasa, yaani 153,600, kabla sijapanda basi. Halafu ukirudi unaanza upya kuingiza kila jibu kwenye kompyuta, usiku, ukisinzia. Dada mmoja aliyenitangulia mwaka mmoja madodoso yake yalilowa kwenye bodaboda, akayaanika kitandani kama dagaa. Alipolihadithia hilo ndipo nikaamua kutafuta njia nyingine.

KoboToolbox ilianzia Harvard Humanitarian Initiative, kwa ajili ya watu wanaofanya kazi kwenye maafa na vita, kusiko na umeme wala mtandao. KoboCollect ndiyo programu yake ya kwenye simu za Android, imejengwa juu ya ODK Collect, programu nyingine ya kukusanya data. Kwa mwanafunzi ni bure. Ina kikomo cha matumizi, lakini kwa fomu 384 sikukigusa. Unaijenga fomu kwenye tovuti yao au kwenye jedwali la Excel, unaishusha kwenye simu mara moja ukiwa na bando, kisha unaweza kwenda kujaza mahali ambapo hata meseji haiingii. Chumba cha mafaili cha hospitali yangu kipo nyuma ya stoo ya dawa, kuta nene, mtandao sifuri. Nilikuwa najaza kutwa nzima, jioni natoka nje chini ya mwembe, nabonyeza kutuma, fomu zinaondoka moja moja. Bando la wiki lilibaki.

Raha yake hasa iko kwenye masharti unayoyaweka mwenyewe. Niliiambia fomu kwamba njia ya uzazi haiwezi kufunguka chini ya sentimita 0 wala zaidi ya 10. Siku msaidizi wangu alipoandika 40 akimaanisha 4.0, simu ilikataa kata kata. Karatasi ingenyamaza. Ukijibu kwamba mama alijifungua kwa upasuaji, maswali ya msamba yanajificha yenyewe. Saa ya kulazwa ikiwa baada ya saa ya kujifungua, fomu inagoma. Makosa ya aina hiyo ndiyo yanayomfanya mtu akeshe mwezi mzima anasafisha data, na mimi nilisafisha kwa siku tatu.

Lugha pia. Fomu moja inaweza kubeba lugha mbili, unabadilisha kwa kubonyeza. Sehemu ya kuwahoji wakunga niliiandika kwa Kiswahili, na hapo nilipata somo ambalo Kobo haiwezi kukufundisha. Msimamizi wangu, mtu wa lugha fasaha, alitaka niandike "utando wa amnioni", yaani mfuko wa maji anamokaa mtoto. Kwenye majaribio mkunga wa kwanza akaniuliza, utando gani? Nikasema chupa. "Sasa si useme chupa imepasuka saa ngapi!" Nikabadilisha usiku huo huo, nikaipeleka fomu upya kwenye simu zote mbili, asubuhi tukaendelea. Kwa karatasi ningekuwa nimeshachapa.

Sasa machungu. Fomu ikijazwa bila kukamilishwa inabaki rasimu, na rasimu haitumwi. Iliyokamilishwa nayo, kama hamjaweka itumwe yenyewe, inakaa kwenye simu ikisubiri mtu abonyeze. Mimi nilijua. Msaidizi wangu wa hospitali ya tatu hakujua, kwa kuwa nilimfundisha kwa dakika 20 nikiwahi gari. Simu yake ikajaa, akafuta programu mbili tatu apate nafasi, akarudisha Kobo kesho yake. Fomu 23 zikaenda na maji. Alinipigia akilia. Nilitaka kumfokea, nikakumbuka kwamba mafunzo hayo nimeyatoa mimi. Tulirudia mafaili yote 23 kwa siku mbili. Kwa hiyo: ukimkabidhi mtu simu, kaa naye mpaka umwone ametuma ya kwanza, na kila jioni hesabu zilizofika kwenye seva ulinganishe na daftari la mkono. Ndiyo, weka na daftari la mkono.

Kosa la pili ndilo lililoipa tasnifu yangu uhai, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Fomu yangu ya mwanzo ilikuwa inauliza kama patografu imejazwa. Mapigo ya mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, shinikizo la damu kila saa nne, njia kila saa nne. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Faili la 62 lilikuwa zuri ajabu. Kila kisanduku kina alama, mstari wa kufunguka kwa njia umepanda umenyooka kushoto kwa mstari wa tahadhari, yaani uchungu unaenda vizuri, haukukaribia hata mstari wa hatua, ule wa kulazimika kuchukua hatua. Kalamu moja, mkandamizo mmoja, mwandiko haujatetereka toka mwanzo hadi mwisho. Mapigo ya mtoto: 140, 140, 140, 138, 140, 140.

Nikaitazama ile 138. Nikashuka chini kwenye saini. Saini yangu.

Nilikumbuka usiku wenyewe, si mama mwenyewe. Tulikuwa wakunga wawili na akina mama saba, mmoja anavuja damu. Patografu ile niliijaza alfajiri, mtoto ameshazaliwa na ameshanyonya, kabla ya kukabidhi zamu. Na 138 niliiweka kusudi, isije ikaonekana imenakiliwa.

Kwenye simu fomu yangu ilikuwa inasema faili hili limekamilika. Kobo ilikubali bila kinyongo, maana kila jibu lilikuwa ndani ya masharti niliyoyaweka. Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima. Kisha nikafungua tovuti, nikaongeza maswali mawili: je, thamani za mapigo zinajirudia bila kubadilika? Je, kuna dalili kwamba imejazwa kwa mkupuo mmoja? Na nafasi ya maelezo huru. Nikarudi kwenye yale mafaili 61 ya mwanzo nikayafungua upya, moja moja. Nilimweleza msimamizi kwamba mwandiko wangu umo ndani ya sampuli. Alinyamaza kidogo, akasema, "Liandike kwenye mbinu, waziwazi." Nikaliandika. Siku ya utetezi ndilo lililoulizwa zaidi, kuliko hata lile swali nililolikesha, la kwa nini sikutumia mwongozo mpya wa WHO wa mwaka 2020, ambao umeuondoa mstari wa tahadhari na kuanza kuhesabu uchungu mkali kwenye sentimita 5. Jibu la hilo lilikuwa rahisi: kwenye mafaili niliyoyakuta kulikuwa na patografu ya zamani, ile ya sentimita 4.

Tahadhari kwa atakayebadilisha fomu katikati kama mimi: Kobo inaruhusu, lakini fomu za toleo la kwanza zinabaki na nafasi tupu kwenye maswali mapya, na ukibadilisha jina la swali, data inagawanyika kwenye safu mbili. Ukishusha, chagua maswali ya matoleo yote.

Na hayo majina. Usipoyaandika mwenyewe, Kobo inachukua maneno ya swali na kuyaunga kwa vistari vya chini. Nilifungua data kwenye SPSS, programu ya takwimu, nikakuta treni. Yape majina mafupi tangu mwanzo. Maswali yenye majibu zaidi ya moja yanatoka na safu moja yenye majibu yote yamebanana, kisha safu ya kila jibu yenye 1 au 0. Tumia hizo za 1 na 0. Nilipoteza siku mbili nikihangaika na ile iliyobanana.

Kuhusu siri za wagonjwa, programu inakuwezesha kupiga picha ndani ya fomu, na kishawishi kipo, maana kupiga patografu picha ni sekunde moja. Msifanye. Juu ya karatasi kuna jina la mama. Kibali changu cha maadili kilisema namba ya siri tu, na hata namba ya rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, niliiacha kwenye daftari lililofungiwa kabatini.

Nani ataifurahia? Mwenye maswali mengi ya kuchagua na mafaili mengi. Kama utafiti wako ni wa mahojiano marefu na akina mama, Kobo haitakusaidia kitu, chukua kinasa sauti na daftari. Na wenye iPhone, KoboCollect haipo kwenu, mtajaza kwa kivinjari, kazi inaenda ila mimi nisingeitegemea chumba kile cha nyuma ya stoo.

Mzee wa masijala siku ya kuaga aliniuliza kama hiyo kitu inaweza kumsaidia kujua mafaili yanayochukuliwa na madaktari yasirudi. Nikakaa naye nusu saa, nikamtengenezea fomu ya maswali sita kwenye simu yake. La kwanza alilitunga mwenyewe: "Nani amelichukua, na usiniambie sijui."